Lambo lilikauka kabisa, masika imekuja na vidagaa tele. Wametoka wapi hawa?

#1 Mkonge Mkavu
Wakuu, salaam. Niko Tanga, upande wa Muheza, ndani kidogo. Nyuma ya shamba letu kuna lambo lililochimbwa enzi za mkonge. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Kiangazi kilichopita lilikauka. Sisemi lilipungua, lilikauka: udongo ulipasuka mpaka kiganja kinazama kwenye ufa, ng'ombe wakawa wanakatiza katikati na vijana wakasimamisha magoli.

Masika imelijaza. Sasa hivi ukitupa makombo ya ugali maji yanachemka kwa visamaki, kuanzia saizi ya kidole cha mtoto hadi cha mtu mzima. Hakuna aliyepandikiza. Mzee wa jirani anasema wameshuka na mvua. Fundi wangu wa pampu anasema mayai yalikuwa yamelala udongoni. Mie yote mawili yananikwama kooni. Wajuvi wa samaki wa maji baridi njooni.

#2 Kijana wa Kange
Naweka kambi hapa. Ila mkuu, uzi bila picha ni chai.

#3 Mkonge Mkavu
Picha inagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Nimewatia wachache kwenye chupa ya maji niliyoikata shingo, ngoja niwaeleze. Rangi ni fedha, mgongo una ukijani kidogo, jicho kubwa kuliko huo mwili unavyostahili. Magamba unayahesabu moja moja. Pembeni mwa mdomo kuna vindevu viwili kila upande, lazima uinue chupa kwenye mwanga ndio uvione. Baadhi wana doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha shavu, wengine hawana doa lolote. Wanakaa kundi moja, akigeuka mmoja wamegeuka wote.

#4 Mzee Mbega
Jirani yako kasema kweli. Mimi nimeona kwa macho yangu barabara ya Pangani, zamani ikiwa ya vumbi. Mvua ya usiku kucha, asubuhi visamaki vinarukaruka barabarani, na hapo hakuna bwawa. Wakubwa zetu walijua, nyinyi mnataka mpaka mzungu aseme.

#5 Ngalawa Mbovu
Shikamoo mzee Mbega. Kwa heshima zote, hayo ni matango pori. Barabara ya vumbi ina mitaro pembeni, mtaro ukifurika samaki anapita barabarani kama mtu mwingine yeyote. Hajashuka toka mbinguni, kavuka.

#6 Mzee Mbega
Marahaba. Palikuwa hapana mtaro.

#7 Tumbili wa Amani
Kuna mji wa Yoro kule Honduras, kila mwaka wanasherehekea mvua ya samaki. Kwa hiyo mzee Mbega hayuko peke yake duniani. Ila hata huko wanabishana: wengine wanasema kimbunga cha maji kinawazoa, wengine wanasema wanatoka kwenye mito ya chini ya ardhi pale maji yanapofurika. Kimbunga cha maji kipo kweli, na kinaweza kuinua vitu vidogo. Kujaza lambo zima kwa aina moja ya samaki, sijui kingechagua vipi.

#8 Fundi Matope
Fundi pampu wako ana akili, mumsikilize. Mwambao wetu una samaki anaitwa Nothobranchius. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua tu. Anataga kwenye matope, dimbwi likikauka yeye anakufa, mayai yanabaki udongoni miezi na miezi, mimba ndani ya yai inasimama kukua kama imezimwa swichi. Mvua ikinyesha wanatotolewa. Kuna ndugu yao wa Msumbiji, wa aina ya furzeri, watafiti waliandika 2018 kwamba anaweza kukomaa na kuzaa ndani ya siku 14 tangu atotolewe. Huyu wetu wa pwani hii, kutoka kusini mwa Kenya kushuka upande wa Tanga, ni palmqvisti. Kesi imefungwa.

#9 Ticha Pongwe
Kesi haijafungwa, fundi. Maelezo yako juu ya Nothobranchius ni sahihi, tatizo ni mshtakiwa. Dume la palmqvisti lina rangi za kanga, mwili wa buluu na mkia mwekundu. Hana ndevu hata moja na hatembei kwa makundi ya fedha. Rudi kwenye post #3: ndevu jozi mbili, rangi ya fedha, kundi moja. Huyo ni Enteromius, jenasi ya wale visamaki wadogo wa ukoo mmoja na samaki kapu (carp) wa Ulaya na Asia. Mayai yao ni laini, wanayamwaga tu kwenye majani yaliyo ndani ya maji, hawayalindi kama perege anayeyabeba mdomoni. Yanatotolewa ndani ya siku chache. Yai la Enteromius likikauka limekufa.

#10 Kijana wa Kange
Enteromius ndio nani tena? Kasajiliwa Coastal Union dirisha hili?

#11 Wagosi Damu
Angesajiliwa angekuwa anafunga. Tuacheni na maumivu yetu.

#12 Ticha Pongwe
Hahaha. Ndugu zangu, ni hivi. Zamani karibu kila samaki wa Afrika mwenye ndevu za namna hii alitupwa kwenye jenasi moja, Barbus, pamoja na wale wa Ulaya. Likawa jalala la mamia ya aina. Baadaye wakaanza kuangalia kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli: hawa wadogo wana karibu 50, wale wakubwa wanaofika kilo kadhaa wana karibu 150. Sio ndugu wa karibu kivile. Mwaka 2015 uchambuzi wa vinasaba ukawatenga. Wakubwa wakaenda Labeobarbus, na wadogo wakapewa jina lililokuwa limelala tangu 1867, lililotungwa na Mmarekani Edward Drinker Cope. Sasa hivi Enteromius ina aina zaidi ya 200, karibu Afrika yote kusini mwa Sahara.

#13 Hoja Nzito
Ticha usituharakishe. Mwaka huohuo 2015 walikuwepo waliokataa. Walisema hilo rundo la wadogo lenyewe halijasafishwa, bora waendelee kuandikwa Barbus ndani ya alama za mtajo mpaka kazi ikamilike. Kwa hiyo usiseme kana kwamba kikao kiliisha na chai ikanywewa.

#14 Ticha Pongwe
Kweli, walikuwepo. Ila siku hizi orodha nyingi za samaki zinatumia Enteromius, nami nafuata huko.

#15 Binti wa Sigi
Nyie mnaongea makaratasi. Mimi nimekulia kando ya mto Sigi, chini ya Amani. Masika ikianza, hivi visamaki havikai mtoni. Vinapanda. Tulikuwa tunakwenda kwenye kalavati la barabara jioni, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanashuka, wao wanayapanda kwa kurukaruka, wanapumzika nyuma ya jiwe, wanaruka tena. Tunatega kanga upande wa chini tunazoa. Ukimbonyeza tumboni mayai yanatoka. Walikuwa wanapanda hadi kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya nyasi kwenda kutaga. Kwa hiyo swali sio kama wanaweza kufika, swali ni kwamba kwenye hilo lambo lako kuna njia gani ya maji ambayo hujaiona.

#16 Mkonge Mkavu
Dada, nimezunguka lambo lote. Hakuna mto.

#17 Binti wa Sigi
Sijasema mto, kaka. Mfereji. Mtaro. Alama ya maji. Hata upana wa jembe unatosha mvua ikishikana.

#18 Mkonge Mkavu
Kuna mtaro wa zamani uliokuwa unatoa maji kwenye korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, tangu mashine zisimame umejaa majani ya tembo. Unateremka mpaka kwenye kijito kimoja huko bondeni, ila ni mbali kidogo na kiangazi ni mkavu kabisa.

#19 Ngalawa Mbovu
Hapo hapo! Tumemaliza. Mzee mzima unatuambia hakuna njia ya maji kumbe una barabara kuu ya samaki.

#20 Fundi Matope
Mtaro umejaa majani ya tembo, mnataka kidagaa apite na panga?

#21 Binti wa Sigi
Anapita. Majani ndio anayapenda, yanapunguza kasi ya maji na yanamficha asionwe na ndege. Maji meupe yasiyo na jani ndiyo yanayomshinda.

#22 Mhamiaji
Niliishi Zomba, Malawi, kwa kazi. Jirani na pale kuna ziwa Chilwa, halina mlango wa kutokea, maji yake ni mafupi. Likikauka linakauka kweli, kama 1995. Samaki wanaovuliwa zaidi pale wanaitwa matemba, na kwa sehemu kubwa ni Enteromius paludinosus, huyu huyu anayepatikana na huku kwetu. Ziwa likikauka uvuvi unakufa, watu wanatawanyika. Mvua zikirudi, baada ya muda matemba hao tena sokoni. Walikuwa wamejificha kwenye mito inayoingia ziwani na kwenye vinamasi vya pembeni. Hakuna aliyesema wameshuka toka juu, na wale watu wanaishi kwa samaki.

#23 Mzee Mbega
Malawi ni Malawi.

#24 Bata Mzinga
Mmewasahau ndege. Lambo lolote lina yangeyange, mnandi, bata maji. Ndege anatoka bwawa moja kwenda jingine na mayai yamenasa miguuni.

#25 Hoja Nzito
Hiyo ya miguuni kila mtu anaisema, anayeonyesha ushahidi simwoni. Kuna kitu kingine lakini kimepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Hungaria waliwalisha bata mayai ya kapu wa aina mbili, jumla 8,000. Yaliyopita tumboni yakatoka mazima kwenye kinyesi ni 18. Wachache wakatotolewa. Yaani safari ipo, ila tiketi ni ya bahati nasibu.

#26 Bata Mzinga
18 kati ya 8,000 kwa bata wachache ni kidogo. Sasa chukua bata mia, kila masika, miaka nenda rudi. Inatosha kabisa. Na umesema mwenyewe kapu ni ukoo mmoja na hawa.

#27 Hoja Nzito
Inatosha kuanzisha samaki kwenye bwawa jipya kwa muda mrefu. Haitoshi kujaza lambo ndani ya masika moja hadi maji yanachemka. Tena kundi zima, saizi mbalimbali. Hesabu inakataa.

#28 Mfugaji Korogwe
Mimi nafuga perege Korogwe. Niliwahi kununua vifaranga kwenye kituo fulani, jina naliacha, nikafungua mfuko nyumbani nikakuta sehemu kubwa ni hivi vidagaa vya mtoni. Wanachota kwenye mabwawa yanayopata maji ya mfereji wa wazi, nyavu inazoa kila kitu, ukilalamika wanakwambia wanakua tu. Kwa hiyo muulize mtu yeyote wa juu ya hilo lambo kama anafuga samaki. Bwawa lake likifurika umepata jibu.

#29 Mkonge Mkavu
Juu yetu kuna mwalimu mstaafu mwenye bwawa. Anasema lake ni la kambale watupu.

#30 Mfugaji Korogwe
Kila mwenye bwawa husema hivyo. Mwambie akokote wavu mbele yako.

#31 Chumbageni Online
Mbona mnazunguka? Hao ni wale visamaki vya mbu. Watu wa afya huwa wanawamwaga kwenye madimbwi ili wale viluwiluwi vya mbu.

#32 Ticha Pongwe
Hapana mkuu. Visamaki vya mbu ni gapi na gambusia, asili yao Amerika, na wanazaa watoto hai, hawatagi. Hawana ndevu. Hawa wetu nao wanakula viluwiluwi vya mbu, ila hakuna aliyewatuma.

Mkonge Mkavu, naomba ufanye kitu. Chukua mmoja asiye na doa, pitisha ukucha nyuma ya mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni, ukitokea nchani kurudi mwilini. Nini unasikia?

#33 Mkonge Mkavu
Unakwaruza. Kama msumeno mdogo hivi.

#34 Ticha Pongwe
Basi huyo yuko upande wa paludinosus, yule yule wa Zomba. Yule mwenye doa la chungwa anafanana na kerstenii. Wilhelm Peters wa Berlin aliwaelezea wote wawili, wa kwanza 1852 akitumia samaki aliowakusanya Msumbiji, wa pili 1868. Kerstenii kapewa jina la Otto Kersten, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro 1862 pamoja na baron von der Decken wakaishia njiani. Sisemi kwa uhakika wa mahakama, bila kuhesabu magamba na bila picha. Pangani wana wao pia, venustus, mwekundu, aliyeelezwa 1980. Lakini mnaona: una aina mbili kwenye lambo moja. Hilo ndilo linalonifanya nimuunge mkono Binti wa Sigi. Bata kubeba aina mbili kwa mkupuo, mvua kudondosha aina mbili zinazokaa mto mmoja, naona ni mbali.

#35 Mfugaji Korogwe
Aina mbili kwa pamoja ndivyo zinavyokuja kwenye mfuko wa vifaranga vilevile. Hujanitoa mchezoni ticha.

#36 Forodhani
Nawasalimu kutoka Unguja. Na sie tunavyo vijito vyetu, na kuna huyo wa kwenu mmoja anaitwa kabisa zanzibaricus. Sasa nielezeni, kisiwani kavukaje? Kalipa nauli ya boti?

#37 Ticha Pongwe
Peters huyohuyo, 1868. Huyo wenu yuko pia kwenye mito ya pwani ya bara. Jibu lililozoeleka ni kwamba hakuvuka, bahari ndiyo iliyomkuta. Wakati wa barafu kuu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka karibu mita 120. Mlango bahari wa Unguja una kina kifupi sana kulinganisha na hapo, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, mito ikatiririka ilikotaka. Maji yalipopanda samaki wakabaki kila mtu na kijito chake.

#38 Forodhani
Na Pemba?

#39 Ticha Pongwe
Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Pemba imetengana siku nyingi sana.

#40 Bata Mzinga
Kwa hiyo akionekana Pemba itabidi mnirudie mie na ndege zangu.

#41 Hoja Nzito
Au mtu na ndoo. Binadamu kabeba samaki wengi kuliko bata wote wa dunia.

#42 Mganga Njaa
Nimewasoma kimya kimya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hilo lambo lina mwenyewe. Waulizeni wazee wa hapo kabla hamjapitisha ukucha kwenye miiba.

#43 Wagosi Damu
Mwenyewe yupo, ni kampuni ya mkonge, na hajalipa watu mafao yao mpaka leo.

#44 Mama Ngamiani
Jamani hamli? Post arobaini na kitu mtu hajasema wanapikwaje. Hawa unawaminya tumbo kwa kidole gumba utumbo utoke wote, ukiubakisha ni uchungu mtupu. Unaosha kwa ndimu na chumvi mara mbili maana wana harufu ya tope. Unawaanika kidogo tu juani wakauke maji, halafu mafuta ya moto mpaka mwiba uvunjike mdomoni. Baada ya hapo nazi nyepesi, bilinganya, pilipili ya kijani nzima isipasuliwe. Ugali wa muhogo. Waja leo waondoka leo watakaa wiki.

#45 Kijana wa Kange
Mama Ngamiani ndio mtaalamu wa kwanza kwenye uzi huu.

#46 Tumbili wa Amani
Huo utumbo una kisa chake. Ukoo huu hawana tumbo la chakula kama sisi, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Na mdomoni hawana meno, meno yako kooni. Ndio maana ukimpa ugali anaumeza, anautema, anaumeza tena.

#47 Mkonge Mkavu
Na kingine nimekiona leo. Mmoja kakwaruzwa nilipokuwa nawahamisha, nikamrudisha kwenye beseni. Wenzake wakamkimbia mara moja, wakajibana wote pembe ya mbali chini kabisa. Nikadhani ni kivuli changu. Nimesimama mbali, bado wamegoma.

#48 Ticha Pongwe
Sio kivuli. Ngozi ya jamii hii ikichanika inaachia kemikali majini, wengine wakinusa wanajua kuna hatari. Karl von Frisch, yule aliyesifika kwa nyuki, alieleza jambo hili mwaka 1938 kwa visamaki vya Ulaya vya ukoo huu. Wabadilishie maji watatulia.

#49 Fundi Matope
Mimi bado sijahama. Mkonge, kiangazi kijacho lambo likikauka chota udongo wa katikati, uweke kivulini kwenye ndoo, mvua zikikaribia utie maji ya mvua. Ukiona kitu kinaogelea mtanitafuta.

#50 Hoja Nzito
Atakayeogelea atakuwa Nothobranchius wako, na hatukatai kwamba huenda yumo naye. Haitathibitisha lolote kuhusu wenye ndevu. Swali zuri zaidi liko hapa: wiki ya kwanza maji yalipoingia, mliona wakubwa au wadogo watupu? Kama walikuwepo wakubwa wenye mayai, walikuja na miguu yao. Kama ni wadogo watupu wa saizi moja, walitotolewa humo humo au walikuja na mfuko.

#51 Mkonge Mkavu
Mimi niliona wakubwa, wachache, karibu na ule mtaro. Kijana wangu wa ng'ombe anasema hapana, walianza wadogo kama nzi wa maji, tena upande wa pili, chini ya mwembe. Tumebishana mpaka chakula kimepoa.

#52 Ngalawa Mbovu
Upande wa mwembe ndiko liliko bwawa la mwalimu?

#53 Mkonge Mkavu
Ndiyo, juu yake.

#54 Mfugaji Korogwe
Sisemi kitu.

#55 Binti wa Sigi
Kijana wa ng'ombe aliona watoto wa wale waliopita mtaroni. Wakubwa wanaingia kwanza, wanataga upande wenye nyasi na kivuli, wanapotea. Wewe uliwahi ukaona wazazi, yeye kaja kuona watoto. Mbona rahisi?

#56 Hoja Nzito
Rahisi mno, dada. Inabidi kijana awe amechelewa siku kadhaa nyuma ya bosi wake, na yeye ndiye anayelala huko machungani.

#57 Mhamiaji
Na mmehakikisha lilikauka LOTE? Malambo ya mkonge yalichimbwa na mashine, mara nyingi kuna shimo moja la ndani karibu na tuta ambalo halionekani kwa magugu. Beseni mbili za maji ya tope zinatosha kubakiza wazazi. Paludinosus anavumilia maji machafu yenye hewa kidogo kuliko unavyofikiri.

#58 Mkonge Mkavu
Karibu na tuta kuna magugu mengi kweli, huko sikuwahi kuingia, kuna nyoka. Magoli yalikuwa upande wa pili.

#59 Mzee Mbega
Mnaona? Mpaka sasa kuna mtaro, kuna bata, kuna mfuko, kuna shimo, kuna udongo. Mvua pekee ndiyo mmeicheka.

#60 Kijana wa Kange
Mzee Mbega tunakuheshimu, lakini ikinyesha tena tuite tuje na sufuria.

#61 Dar Akwaria
Mkonge Mkavu, nahitaji hao wenye doa, hai, kwa ajili ya akwaria. Watu wamechoka na wale visamaki wenye milia wa Sumatra. Unawatumaje?

#62 Binti wa Sigi
Usivue kwa chandarua tafadhali. Kanuni za uvuvi zinakataza, na chandarua kinazoa mpaka watoto. Mgono mdogo wa vijiti unatosha.

#63 Mkonge Mkavu
Nitakuandikia pembeni mkuu wa Dar. Ila fanya haraka, kaka yangu mkubwa ambaye ndiye mwenye shamba ameshalipia vifaranga vya perege, anataka kulijaza lambo lote. Nimemwambia kuna samaki tayari, anasema hao ni chakula cha perege.

#64 Ticha Pongwe
Perege gani? Maana siku hizi wengi wakisema perege wanaleta sato wa ziwani, Oreochromis niloticus. Bonde la Pangani na Sigi lina perege wake wa asili, mmoja anaitwa kabisa Oreochromis korogwe, na sato akimfikia wanachanganyika damu, mwishowe wa asili anapotea. Na kama kweli mtaro wako unafika kijitoni, basi masika ijayo sato hao hawabaki lamboni.

#65 Mfugaji Korogwe
Ticha usimtishe mtu. Sato anakua haraka, perege wa asili ni mwiba na kichwa. Mfugaji anaangalia kilo.

#66 Binti wa Sigi
Kilo zako zitaishia mtoni kwetu.

#67 Mkonge Mkavu
Vifaranga vinafika Jumamosi. Kwa macho nitajuaje kama ni sato?

#68 Ticha Pongwe
Angalia mkia. Sato ana mistari ya wima kwenye mkia toka shina hadi mwisho, inaonekana vizuri akishakua kidogo. Vikiwa vidogo mno utabahatisha tu, kwa hiyo muulize muuzaji mama zao walitoka wapi kabla hamjafungua mfuko.